Kiambishi -me- mbele ya mizani ya TimeML

Mwaka 2002, James Pustejovsky na wenzake walianza kuunda TimeML nchini Marekani, yaani utaratibu wa kutia alama matukio na nyakati katika matini ili kompyuta iweze kutambua lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Mwaka 2012 utaratibu huo ulipokewa kuwa kanuni ya kimataifa, ISO 24617-1. Msingi wake ulikuwa habari za magazeti ya Kiingereza. Baadaye ulipelekwa katika lugha nyingine. Yafaa basi kuuliza kama kitenzi cha Kiswahili chaenea katika mizani hiyo.

Fadhila yake ni kubwa. TimeML hutenga tukio lenyewe, tamko la wakati, na kiungo kinachoyafungamanisha. Viungo hivyo vyatokana na kazi ya James Allen ya mwaka 1983, aliyeonyesha mahusiano 13 yawezayo kuwapo kati ya vipindi viwili. Hapo pana maendeleo juu ya Hans Reichenbach, ambaye mwaka 1947 alieleza njeo kwa nukta tatu: ya usemi, ya tukio na ya marejeo. Nukta haina urefu. Kipindi kinao, na matukio mengi ya maisha yana urefu.

Tatizo lajitokeza mara tu sentensi mbili zikiwekwa bega kwa bega: «Mgeni alipofika, mama alikuwa amepika», «Mgeni alipofika, mtoto alikuwa amelala». Viambishi ni vile vile, mpangilio ni ule ule. Lakini katika ya kwanza kupika kulikwisha kabla ya mgeni kufika. Katika ya pili usingizi ulikuwa ungali unaendelea, na kufika kwa mgeni kumo ndani yake. Kompyuta itakayotazama njeo na hali peke yake itaweka kiungo kimoja mahali pote pawili, nayo itakosea mara moja. Kosa hilo si dogo. Shahidi akisema kwamba mlinzi alikuwa amelala wezi walipoingia, hukumu nzima yaweza kutegemea kiungo hicho.

Chanzo cha tofauti ni maana ya kitenzi. Zeno Vendler, katika makala yake ya mwaka 1957, aligawa vitenzi katika mafungu manne: hali, shughuli, shughuli zenye kikomo, na matukio ya mara moja. Wengi huchukua mafungu hayo na kuyajaza kwa kutafsiri orodha ya Kiingereza. Hapo ndipo wanapopotea. Kitenzi -lala hakitaji usingizi tu. Chataja pia kuuingia. Vivyo hivyo -vaa, -simama, -keti na -choka. Anayevaa koti bado yumo katika kitendo. Aliyevaa koti yumo katika hali iliyozaliwa na kitendo hicho. TimeML ina aina saba za matukio, na hali ni mojawapo. Lakini hudai kila tukio liingizwe katika aina moja, hali -vaa lina awamu mbili, na kiambishi ndicho kichaguacho awamu.

Kipimo chepesi kipo. Neno «bado», likiwa na maana ya kuendelea, lakubalika katika «bado amelala» na «bado amesimama», bali lakataliwa katika «bado amefika». Kwa kipimo hicho vitenzi vyaweza kupangwa kwa ushahidi wa Kiswahili chenyewe.

Isitoshe, TimeML huwapa alama maalumu maneno yanayoashiria uhusiano wa nyakati, mfano wa «kabla» na «baada». Katika «alikwenda sokoni, akanunua samaki, akarudi», ishara hiyo haikusimama peke yake: imo ndani ya kitenzi, katika -ka-. Nayo «hajafika» si ukanushi mtupu kama «hakufika», kwa kuwa yaacha mlango wazi kwa kufika.

Kwa hiyo uchambuzi wa viambishi lazima utangulie. Njia hiyo ilikwisha kufunguliwa na Arvi Hurskainen wa Helsinki, aliyetangaza mwaka 1992 utaratibu wake wa kuchambua maumbo ya Kiswahili kwa kompyuta. Hata hivyo, kuchambua Kiswahili sanifu hakutoshi kwa Kongo: mazoea, yanayoonyeshwa na hu- katika sanifu, mjini Lubumbashi huonyeshwa na kiishio, kama katika «anasemaka».

TimeML isitupwe, viungo vyake ni vyema. Linalopungua ni kamusi ya vitenzi, ambamo kila kitenzi kitaonyeshwa awamu zake na kile ambacho -me- hukifanya kwacho. Kamusi hiyo ikitangulia, alama zitakuwa na msingi. Matini zikitiwa alama kwanza kwa kufuata tafsiri, kompyuta itafunzwa Kiingereza kilichovikwa viambishi vya Kiswahili.