«Inajitegemea kwa umeme»: neno moja linatupotosha

Makala za kristali za perovskiti zisizo na risasi (ile madini, si ya bunduki) zinazidi kupita kwenye simu zetu. Zinasema zinapima miale ya X bila kupewa umeme. Mmoja wetu akashangilia: «Basi hata kijiji bila kuranti kitapiga radio!» Hapana, ndugu. Tusome vizuri.

Kinachojitegemea ni kigunduzi tu. Ndani ya baadhi ya kristali hizo, chaji chanya na hasi zimepangika bila usawa, hivyo kuna nguvu ya asili inayosukuma elektroni zikishaamshwa na miale. Volti ya nje haihitajiki. Lakini miale yenyewe inatoka wapi? Kwenye bomba la radio, na bomba linaomba makumi ya maelfu ya volti. Mgonjwa bado anangoja jenereta iwake.

Faida ya kweli iko kwingine, na mara nyingi banaipita haraka. Ukitia volti ku perovskiti, ayoni zinaanza kutembea ndani, na mkondo unapita hata kabla ya miale kufika. Ukiondoa volti, kelele inashuka na dozi ndogo inaweza kuonekana. Kwa mtoto wa miaka miwili anayepigwa radio, hilo ndilo jambo! Ila kuna bei: bila volti, chaji nyingi zinapotea njiani, unyeti unapungua. Kwa hiyo ukikuta namba kubwa chini ya kichwa «inajitegemea», uliza ilipimwa kwa volti ngapi. Ile kristali maarufu ya watafiti wa Wuhan, Cs2AgBiBr6, mwaka 2017 ilipima dozi ya chini kama nanogray 60 kwa sekunde, lakini ilipewa volti.

Kuhusu risasi, hapo ninawaunga mkono. Bismuti ni namba 83, risasi 82: kukamata miale banalingana, na chumvi za risasi za perovskiti huyeyuka kwenye maji, zikafika mwilini.

Inabaki ukubwa. Kristali nyingi za namna hii ni za milimita chache. Picha ya kifua inaomba sentimita 35 kwa 43. Mhandisi yeyote humu anayejua namna ya kuvuka hapo, atuandikie.