Ugenini: Neno Moja la Sala katika Nchi ya Ufipa

Salve Regina, sala ambayo Wakatoliki wetu huijua kwa jina la Salamu Malkia, aghalabu husaliwa mwishoni mwa rozari. Ni utungo mfupi, nao una umri wa karibu miaka 900. Kiini chake ni kilio cha wana wa Eva walio mbali na Mungu, na ombi lao kwamba siku za umbali huo zikiisha waonyeshwe Yesu. Kwa umbali huo Kilatini hutumia neno kali, exsilium, yaani hali ya mtu aliyetolewa kwao kwa hukumu. Mfasiri wa Kiswahili aliandika "ugenini". Uteuzi huo wastahili kupimwa.

Maneno mengine yalikuwapo. "Uhamishoni" lingewakumbusha wasomaji wa Biblia mateka wa Babeli: watu wamechukuliwa kwa nguvu, na mji wao umebaki magofu. "Ughaibuni", neno tulipendalo sisi wa pwani, hutazama mambo kwa jicho la aliyebaki, kwani aliye ghaibu ni yule tusiyemwona. "Ugenini" halina jeshi wala hakimu. Mgeni hakukosa, yuko njiani tu, na kwao kupo. Hapa pana hasara isiyofaa kufichwa. Adamu na Eva walifukuzwa bustanini kwa kosa, na neno la mfasiri halisemi hivyo. Anayelisoma peke yake aweza kudhani kwamba binadamu alitoka kwa Mungu kama mtu aondokavyo kwenda kuwatembelea jamaa.

Lakini neno halisomwi peke yake, husomwa mahali. Ufipa ni nchi ya juu, iliyo baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na mji wake, Sumbawanga, uko kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari. Sala hii huyaweka machozi bondeni. Kwa Mpemba bonde ni mpunga, ni neema. Kwa aliye ukingoni mwa Ufipa, bonde ni joto lililo chini ya miamba, na nyumbani ni juu. Taswira iliyotoka mbali yapata hapo mwelekeo wake: kulia ni chini, kutumaini ni kupanda.

Na mgeni wa Ufipa si mnyonge. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeandika sana juu ya Wafipa, amesimulia masimulizi yao ya Milansi, kijiji cha asili. Wanawake wageni walifika hapo wakati mtawala hayupo, wakakikalia kiti chake. Nasaba yao ikatawala nchi, na wenyeji wa Milansi wakabaki na heshima ya ukale. Katika masikio yaliyolelewa na kisa hicho, "ugenini" haliwezi kuwa neno la huruma tupu. Mgeni ana njia, na njia yake yaweza kuishia kwenye kiti.

Shahidi mkubwa wa neno hili, hata hivyo, hakuwa Mfipa. Chini ya nyanda hizo, kando ya Ziwa Tanganyika, kuna Karema, ambako Mapadri Weupe waliweka misheni mwaka 1885. Leo Karema imo katika Mkoa wa Katavi, lakini jimbo lililoitwa kwa jina lake ndilo lililopewa jina la Sumbawanga mwaka 1969. Huko alifika Adrian Atiman mwaka 1889. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa utotoni, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadri wakamkomboa Algeria, naye akasomea uganga Malta. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la Atiman lilikuwa dawa, naye alilishika Karema hata akafia huko mwaka 1956, miaka kumi baada ya simulizi ya maisha yake kuchapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Mtu wa namna hiyo anapopiga magoti na kusali, neno la hukumu lingemwambia nini? Mtoto aliyeibwa hakufukuzwa kwa kosa lake. Kumwita aliyehukumiwa kungekuwa dhuluma ya pili. "Ugenini" lamwambia kwamba yuko mbali, kwamba kwao kupo, na kwamba aliyemnunua hakupata kuwa mwenyewe. Kwa hiyo hasara tuliyoitaja ina fidia yake.

Msomaji wa pwani amezoea Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir auonya moyo wake kwa kuutazamisha majumba ya Pate yaliyoanguka. Huko dunia yapita, na moyo waambiwa uzinduke. Salamu Malkia nayo yakiri kwamba dunia yapita, ila haiuonyi moyo. Yamwita mama, na yaomba kuonyeshwa mwana wake. Maonyo yamfaa aliyejisahau kwake. Aliye ugenini hahitaji kuambiwa kwamba nyumba hii si yake. Ahitaji kuhakikishiwa kwamba akibisha kwao, yupo atakayemfungulia.