"Toa Vyote": Uhakiki wa Amri za Kufungulia Mabunda ya Mafaili katika Python

Huenda msomaji wa jarida hili akastaajabu kuona maktaba ya programu ikihakikiwa mahali alipozoea kukuta tenzi na riwaya. Lakini programu nayo huandikwa, na mwandishi wake huchagua maneno. Na maneno hayo husomwa na maelfu ya watu ambao hawatayafunua kamwe yaliyo nyuma yake. Nataka kuyatazama machache tu, nayo ni majina ya amri saidizi zilizomo katika lugha ya Python kwa kazi ya kufungua mafaili yaliyobanwa. Sikuyachagua kwa udadisi mtupu. Mtafiti wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, iwe ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya SOAS mjini London, leo aghalabu hufanya kazi kwa picha. Na picha zikiwa nyingi hutiwa katika bunda moja ndipo zikapelekwa. Picha moja ikipotea katika kulifungua bunda hilo, umepotea ukurasa.

Bunda la zip umbo lake lilitungwa na Phil Katz mwaka 1989. Kila faili hubanwa peke yake, na mwishoni kabisa huwekwa orodha: jina la kila faili, ukubwa wake, tarehe yake, na tarakimu ya kuhakikisha kwamba halikuharibika njiani. Bunda la tar ni la ukoo mwingine. Lilizaliwa katika Unix, miaka ya 1970, kwa ajili ya kuhifadhi mafaili katika utepe wa sumaku; halina orodha ya mwisho, wala lenyewe halibani kitu, bali hubanwa na programu nyingine likiisha kufungwa. Python imewawekea wawili hawa nyumba mbili: zipfile, iliyoingia mwaka 2000, na tarfile, iliyoingia mwaka 2003.

Tuanze na jambo dogo. Katika zipfile imo amri iitwayo testzip, na jina lake laahidi kupima. Kupima hupima kweli: husoma kila faili na kuilinganisha tarakimu yake na ile iliyoandikwa katika bunda. Tatizo liko katika jibu. Bunda likiwa zima, amri hujibu "hakuna". Likiwa na ila, hulitaja jina la faili la kwanza lililoharibika. Sasa, katika Python "hakuna" huhesabiwa sawa na "siyo", na jina lolote huhesabiwa "ndiyo". Mwanafunzi atakayeandika kwamba testzip ikikubali kazi iendelee, atayapokea mabunda mabovu na kuyakataa mazima. Maelezo ya maktaba yamelisema jambo hili waziwazi, hilo twalikiri; lakini neno likivaa nguo za swali, msikilizaji hungoja jibu la swali. Dada yake, is_zipfile, huuliza swali na kulijibu kama swali, kwa hiyo naiona bora, maadamu ikumbukwe kwamba huzitazama alama za mwishoni mwa faili, wala haithibitishi uzima wa yaliyomo.

Penye maneno hasa ni extractall, yaani "toa vyote".

Ndani ya bunda, jina la faili laweza kubeba njia nzima ya kufikia mahali pake. Laweza pia kubeba nukta mbili mfululizo na mkwaju, ambazo maana yake ni "panda juu ngazi moja". Basi mwenye nia mbaya aweza kulipa faili lake jina la kupanda ngazi tatu nne, litoke nje ya folda uliyoikusudia, likaketi juu ya faili lako jingine na kulifuta. Je, anayesema "toa vyote" amekubali na hayo? Zipfile hujibu kwamba la: tangu toleo la 2.7.4, la mwaka 2013, huzikata nukta hizo na mkwaju wa mwanzo, kisha hulitoa faili ndani ya folda yako. Tarfile, kwa miaka mingi, ilijibu ndiyo: ilikwenda popote ilipoelekezwa na jina. Na iko amri ya tatu, unpack_archive, katika nyumba ya jirani iitwayo shutil, nayo ina jibu lake mwenyewe. Ikikutana na jina la namna hiyo katika bunda la zip, hulipita kimya kana kwamba halimo.

Hili la tatu ndilo linalonisumbua kuliko yote. Katika toleo la 3.12 amri hiyo haiulizi kama nukta mbili zimetumika kama ngazi. Yatosha zimefuatana popote katika jina. Tuseme karani, kwa haraka ya vidole, ameipa picha jina "Barua ya 3..jpg". Haina ubaya wowote. Lakini bunda litafunguliwa, barua ya kwanza na ya pili zitatoka, ya nne nayo itatoka, na hakuna neno litakalosemwa juu ya ya tatu. Mwovu wa kututegea mtego huenda tusikutane naye maishani mwetu, ilhali kosa la karani twakutana nalo kila wiki. Amri iliyotungwa kumkinga mtu na adui haina haki ya kumficha hasara yake.

Tarfile yafaa itetewe kidogo kabla ya kuhukumiwa. Kwa mtu anayehifadhi kompyuta nzima ili aweze kuirudisha kama ilivyokuwa, kulifuata jina mpaka mwisho ndiyo maana ya kazi yenyewe. Mwaka 2007 hatari hii iliarifiwa na kuandikishwa kwa namba CVE-2007-4559. Likaongezwa onyo katika maelezo, amri ikaachwa ilivyo. Onyo hilo lilikaa miaka 15. Mwaka 2022 watafiti wa usalama waliliibua tena jambo lile lile, na kuonyesha kwamba programu nyingi mno zilikuwa zikiita extractall bila kinga yoyote. Watungaji wa programu hizo walisoma jina tu, na jina halikuwa na onyo ndani yake.

Marekebisho yalikuja mwaka 2023 kwa pendekezo la PEP 706, lililoandikwa na Petr Viktorin. Sasa mtumiaji hutaja kichujio kimoja katika vitatu: fully_trusted, tar, au data. Kwa maoni yangu jina la kwanza ndilo lililo bora katika maktaba nzima, kwa sababu humlazimisha mtu kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba analiamini bunda hili kikamilifu, na wengi wakifika hapo kalamu husita. Kichujio cha data kikikuta faili linalotaka kutoka nje, kwa desturi yake hupaza sauti na kusimamisha kazi. Tangu toleo la 3.14, la Oktoba 2025, hicho ndicho kitumikacho pasipotajwa kingine. Hakikukamilika, maana mwaka huo huo ziligunduliwa nyufa ndani yake zikahitaji kuzibwa. Wala hakiulizi habari za ukubwa: mwaka 2019 David Fifield alionyesha bunda la zip la kilobaiti 42 tu ambalo likifunguliwa hufura kufikia gigabaiti 5.5.

Limebaki jambo la herufi. Majina ya mafaili katika zip yalianza kwa jedwali la herufi la kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ambalo Kiarabu hakimo. Tangu mwaka 2006 kanuni za zip zina alama ya kutangaza kwamba jina limeandikwa kwa UTF-8, lakini programu nyingine huandika UTF-8 bila kuitia alama hiyo. Hapo zipfile hurudi kwenye jedwali la kale, na herufi mim ya mswada wetu hutoka kama kona ya mstari ikifuatwa na a yenye kistari kichwani. Hakuna kilichopotea, kwani aijuaye siri aweza kulirudisha jina lote herufi kwa herufi; ila asiyeijua atadhani faili limeharibika, na huenda akalitupa. Toleo la 3.11, la mwaka 2022, lilileta dawa iitwayo metadata_encoding. Lakini dawa hiyo haikuwekwa katika extractall. Sharti itajwe mapema, wakati bunda linapofunguliwa kusomwa. Ikisahauliwa, picha zote zitatoka salama na majina yasiyosomeka, na amri itamaliza kazi yake bila lalamiko lolote.