Kumtambua Fundi Mzuri wa Sensa
Mwongozo kwa wenye pikapu za siku nyingi, Kasulu na Kibondo

Kubadilisha sensa ya injini ni kazi nyepesi. Unachomoa soketi, unafungua bolti moja, unatoa kibovu, unaweka kipya. Kijana yeyote mwenye spana namba 10 anaiweza. Kwa sababu hiyo hiyo ni kazi inayofaa kumpimia fundi: mkono hauna pa kujionyesha, kwa hiyo ustadi wote uko katika yale yanayofanyika kabla spana haijashikwa na baada ya kurudishwa kwenye boksi. Fundi mzuri wa sensa ni yule anayekataa kuibadilisha mpaka amethibitisha kwamba ndiyo mbovu.

Ajue kwanza ni gari gani

Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya 3L, au Land Cruiser ya 1HZ, pampu yake hufanya kazi bila kompyuta. Likigoma kuwaka, fundi anayekimbilia kutaja sensa hajui anachotazama. Aanze na mafuta, hewa na nozeli. Sensa zina mamlaka kwenye Hilux za petroli zenye 3RZ, na zaidi kwenye zile zilizoanza kutoka mwaka 2004 na 2005 zikiwa na 2KD au 1KD za dizeli na 2TR ya petroli. Hapo kompyuta hupeleka volti 5 kwa sensa nyingi, kisha husoma kinachorudi. Waya ukikatika, soketi ikiingia kutu au ethi ikilegea, kompyuta itailaumu sensa hata kama ni nzima.

Na huku kwetu njia ya huo umeme inateseka. Kiangazi vumbi jekundu hujipenyeza mpaka ndani ya soketi. Masika maji na matope hupigwa chini ya injini. Na gari linaloshuka kutoka Mabamba na magunia ya maharage hutikisa kila klipu iliyochoka. Gereji inayobadilisha sensa bila kufungua soketi na kuitazama imeruka hatua ya kwanza.

Sikiliza anavyouliza

Kabla ya kufungua boneti, fundi anayejua kazi atahoji. "Mzee, linazima likiwa la moto, au hata asubuhi? Likizima, mshale wa mizunguko unaanguka ghafla au unashuka polepole? Ukilipumzisha linawaka?" Maswali hayo yana maana. Pikapu inayozima mlimani ikiwa na joto, kisha ikawaka vizuri baada ya kupoa nusu saa, inaelekeza kidole kwenye sensa ya kranki. Inayosumbua kuwaka asubuhi ya baridi lakini ikishapata moto inatulia, huenda ina sensa mbovu ya joto la maji. Toyota nyingi zikipoteza taarifa ya sensa hiyo hujichukulia kwamba maji yana nyuzi 80, zikapunguza mafuta wakati injini bado inayahitaji.

Anayesema "lete, nitaona" bila kuuliza chochote ataona alichozoea kuona.

Namba si hukumu

Kwenye Toyota za petroli za miaka ya tisini huhitaji hata skana. Chini ya boneti kuna kiboksi cha kupimia. Fundi huunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, anafungua swichi bila kuwasha, kisha anahesabu taa ya injini inavyokonyeza kwenye dashibodi. Mara mbili, inapumzika, mara mbili tena: hiyo ni 22, njia ya sensa ya joto la maji. Magari ya baadaye hutoa namba kwa skana, kama P0115 kwa joto la maji na P0335 kwa kranki.

Angalia sasa anafanya nini na namba hiyo. Namba inataja njia nzima: sensa, waya, soketi na mlango wa kompyuta. Fundi wa kubahatisha huisoma na kupiga simu dukani papo hapo. Fundi makini huiandika, anaifuta, anakwenda kulitembeza gari kidogo, kisha anaangalia kama imerudi.

Ushahidi

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo unapostahili kusimama umtazame. Chukua sensa ya joto la maji. Asubuhi, kabla ya kuwasha, skana ionyeshe joto la maji na joto la hewa linaloingia yakikaribiana, maana gari limelala usiku kucha kwenye baridi moja. Hewa ikisema 17 na maji yakasema 60, kuna mmoja anadanganya. Fundi huchomoa soketi: skana inapaswa kuanguka hadi 40 chini ya sifuri. Kisha huunganisha nyaya mbili za soketi kwa waya mfupi: sasa ipande hadi 140 hivi. Zikitii namna hiyo, waya na kompyuta ni vizima, na sensa imekamatwa. Zisipotii, sensa mpya itakula pesa yako bure.

Bado kuna mtego. Injini nyingi za zamani zina vifaa viwili vya joto karibu karibu: chenye waya mmoja ni cha mshale wa dashibodi, chenye nyaya mbili ni cha kompyuta. Aliyebadilisha cha mshale ili kutibu gari linalokula mafuta ametibu mgonjwa mwingine.

Anayetaka uhakika zaidi huitumbukiza sensa kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, mita ya umeme ikiwa imeunganishwa. Kwa Toyota, kwenye nyuzi 20 isome omu 2,000 hadi 3,000. Kwenye 80 ishuke hadi 200 au 400, na ishuke taratibu bila kuruka. Sensa ya kranki ya Toyota nyingi za namna hii husoma omu 1,630 hadi 2,740 ikiwa baridi na 2,065 hadi 3,225 ikiwa moto. Kuipima ikiwa baridi pekee hakutoshi, maana ugonjwa wake huja na joto. Fundi mvumilivu ataliendesha gari mpaka lizime, ndipo apime.

Kisha kuna suala la mwinuko. Nyanda zetu ziko mita 1,200 hadi 1,700 hivi juu ya bahari. Swichi ikiwa wazi na injini haijawashwa, sensa ya msukumo wa hewa Dar es Salaam husoma takriban kilopaskali 100. Kwenye mita 1,500 isome kama 85. Fundi aliyekariri namba za pwani ataiona 85 na kuitupa sensa nzima.

Spea

Boksi halithibitishi kitu, kwa sababu boksi ni rahisi kuchapisha. Tazama kifaa chenyewe: namba iliyochongwa ilingane na ya zamani (sensa za joto za Toyota huanza na 89422, za kranki mara nyingi 90919), plastiki iwe na kingo safi, klipu ya soketi ilie "tak" inapoingia. Kisha kipimwe kwa mita kabla ya kufungwa. Sensa halisi iliyotumika, iliyopimwa mbele yako, ni salama kuliko mpya isiyo na jina. Fundi anayekupimia spea aliyokuuzia mwenyewe amejiweka kwenye mizani, mheshimu.

Mkono

Injini ipoe kwanza, maana kutoa sensa ya maji kwenye injini yenye moto ni kujiunguza. Sensa ya kranki ikitoka, aitazame ncha yake: ina sumaku, hivyo hukusanya unga wa chuma, na unga mwingi ni habari kuhusu injini yenyewe. Tundu lifutwe, mpira wa kuzuia oili uwe mpya na upakwe oili kidogo, bolti ikazwe kwa kiasi. Ni bolti ndogo, haitaki nguvu za bega. Waya urudi kwenye vishikizo vyake, mbali na ekzosti na feni. Palipokatika pachomwe kwa risasi na kuvishwa mpira. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu utafika Makere, lakini usiutegemee masika nzima.

Na ukikuta gereji imeng'oa balbu ya taa ya injini ili "tatizo liishe", ondoka.

Makabidhiano

Kazi njema hukabidhiwa barabarani. Namba zifutwe, gari lipandishwe mlima likiwa na joto, lizimwe na kuwashwa tena, mizunguko ya sailensa itulie. Mkononi upewe sensa ya zamani na maelezo: ilisoma nini, mpya inasoma nini.

Linabaki jambo moja, nalo ni lako. Wengi wetu tunalipia kifaa na fundi kukifunga. Kupima tunakuhesabu kuwa ni maneno ya bure. Fundi akipima saa nzima, akakuta ni soketi chafu, akaisafisha na kukuambia sensa yako ni nzima, amekuokolea bei ya sensa, naye hana cha kukuuzia. Mlipe saa hiyo. Usipomlipa, umemfundisha kwamba ukweli hauna faida, na mteja atakayefuata atauziwa sensa asiyoihitaji.