Gumegume la Mti: Bunduki Gani Inapambana na Maji katika Kinjeketile?

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, imehakikiwa na wengi. Sisi wanafunzi tumeandika kuhusu dhamira zake, kuhusu umoja wa makabila, kuhusu Kitunda na shaka zake, na kuhusu maji ambayo wapiganaji waliamini yangewakinga na risasi. Kuna kitu kimoja tunachokipita bila kukitazama, nacho ni bunduki. Tunaandika "bunduki za Wajerumani" kisha tunasonga mbele, kana kwamba bunduki zote ni moja. Hata tunapoigiza, tunachukua fimbo, au kipande cha mbao kilichokatwa kwa umbo la bunduki za siku hizi, na hakuna anayeuliza.

Makala haya yanadai kwamba swali la bunduki ni swali la uhakiki kamili, na kwamba njia nzuri ya kulijibu ni kutengeneza kwa mkono mfano wa gumegume, ile bunduki ya kale iliyowashwa kwa jiwe. Nazungumza nikiwa na jukwaa la Arua na Koboko akilini, kwa kuwa huku West Nile habari ya maji na risasi haikuja na kitabu cha fasihi.

Tuanze na historia. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, na Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Miaka michache baadaye, mbali sana na Rufiji, Rembe, Mkakwa, aliwapa Walugbara maji ya Yakan. Waliokunywa waliamini kwamba hawatakufa na kwamba bunduki za serikali zitatoa maji tu. Rembe alinyongwa Yei mwaka 1917, na mwaka 1919 wafuasi wa Yakan walipambana na serikali hapa West Nile. J. H. Driberg aliandika juu ya Yakan mwaka 1931, na John Middleton akafuata mwaka 1963. Kwa hiyo mtazamaji wa Koboko akimwona Kinjeketile jukwaani, anamwona mtu wa Rufiji aliye jirani wa Rembe.

Hatari ya tamthilia hii mbele ya hadhira ya leo ni kicheko. Mtazamaji anasikia kwamba maji yatashinda risasi, anatabasamu, na tangu hapo wapiganaji wanakuwa wajinga wa kuhurumiwa. Mhakiki anayewaonea huruma wapiganaji bila kuwaheshimu ameikosa tamthilia. Hapa ndipo gumegume linapotusaidia.

Tulitazame linavyofanya kazi. Nyundo yake imebana kipande cha jiwe gumu. Mpigaji akivuta kifyatulio, kamani inairusha nyundo, jiwe linakwaruza bamba la chuma, na cheche zinaanguka katika kisahani kidogo chenye baruti. Moto wa kisahani unapita katika kitundu na kuifikia baruti iliyoshindiliwa ndani ya mtutu. Kila hatua inaweza kushindwa. Jiwe likichakaa, hakuna cheche. Kitundu kikiziba, kisahani kinawaka bure. Na adui mkubwa kuliko wote ni unyevu: mvua, umande, au jasho la kiganja tu. Baruti iliyolowa haiwaki.

Maana yake ni kwamba kwa mtu anayelijua gumegume, kauli kwamba maji hushinda bunduki ni jambo lililokwisha kuonekana. Sisemi kwamba imani ya maji ilizaliwa katika kisahani cha baruti. Ilikuwa na mizizi yake katika mizimu, katika Hongo, katika maji yanayotoa mavuno. Ninachosema ni kwamba imani hiyo haikupingana na uzoefu wa watu juu ya silaha walizozishika wenyewe. Wapiganaji wa Maji Maji walikuwa na magobore yao, bunduki za kushindilia kwa mdomo wa mtutu, pamoja na mikuki na mishale. Waliijua bunduki kama kitu kinachogoma.

Na kwa nini waliijua bunduki ya aina hiyo tu? Jibu limo katika mkataba. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini makubaliano ya kukomesha biashara ya watumwa, na humo yakazuia silaha kuingia Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Eneo hilo linazigusa Rufiji, Arua na Koboko kwa pamoja. Lakini magumegume yenye mitutu laini ndani, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, yaliweza kuruhusiwa kwa masharti. Bunduki mpya zilibaki mikononi mwa serikali na askari wake, na ile ya jiwe ikawa ndiyo Mwafrika anayoweza kuuziwa. Mkataba ulioandikwa kwa jina la kuwakomboa Waafrika ulipanga pia nani atakuwa na baruti inayolowa.

Mwaka 1905 Wajerumani walikuwa na risasi za ganda la shaba, ambamo baruti imefungwa na maji hayapenyi. Walikuwa pia na bombomu. Boma la Mahenge liliposhambuliwa tarehe 30 Agosti, bombomu ndizo zilizojibu. Tufikirie muda. Mwenye gumegume anamimina baruti, anaweka risasi, anashindilia kwa mdeki, anatia baruti kisahanini, anavuta nyundo, ndipo analenga. Askari aliyezoea sana alipiga mara mbili au tatu kwa dakika. Kati ya mlio mmoja na mwingine kulikuwa na sekunde 20 au zaidi ambamo mtu mwenye mkuki na moyo aliweza kukimbia na kufika. Imani iliyompa moyo mtu kwa sekunde hizo ilikuwa na kazi. Mbele ya bombomu hakuna sekunde 20. Basi msiba wa tamthilia ni kwamba maji yaliyolingana na bunduki moja yalipelekwa mbele ya bunduki nyingine, na Kiswahili kikaziita zote bunduki.

Ndiyo maana napendekeza kwamba kundi litakaloiigiza tamthilia hii Arua lichonge magumegume yake lenyewe. Mti wa mwembe haukosekani huku, nao ni mwepisi kuchonga. Kitako na mwili vitoke katika ubao mmoja. Mtutu uwe mti mtupu usiotobolewa, upakwe rangi ya chuma. Nyundo iwe kipande cha peke yake kinachozunguka kwenye msumari, ili mwigizaji aivute nyuma kwa kidole gumba na hadhira ione. Kisahani kiwepo. Mdeki uwepo na utoke. Anayechonga kisahani atauliza ni cha nini, na akijibiwa atakuwa ameshahakiki nusu ya tamthilia. Mwigizaji atakayefanya mazoezi ya kushindilia, hatua kwa hatua, atajua katika mikono yake sekunde 20 ni muda gani.

Bunduki za Wajerumani, kwa upande mwingine, zisionekane kabisa. Ziwe sauti ya ngoma nyuma ya pazia, ya haraka na isiyokoma. Hadhira ilinganishe kitu inachokiona kikishindiliwa polepole na kitu inachokisikia tu.

Najua pingamizi litakalotolewa. Hussein mwenyewe alisema katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni wa kisanaa, asichanganywe na yule wa historia. Kwa nini basi tuhangaike na kamani na kisahani? Pingamizi hili lina uzito. Tamthilia inahusu wazo linalomzidi nguvu aliyelitamka: mwishoni Kinjeketile anakataa kuyakana maji, ingawa yeye mwenyewe hana tena uhakika, kwa sababu kuyakana ni kuwaharibia wale watakaokuja. Lakini uamuzi huo ni mkubwa tu ikiwa wazo lenyewe lilistahili kuaminiwa. Likionekana upuuzi tangu mwanzo, kukataa kwake ni ukaidi. Gumegume jukwaani linalipa wazo hilo sababu yake.

Lugha yetu nayo imelitendea jambo silaha hii. Leo mtu akisema "gumegume", wengi hawafikirii bunduki. Wanafikiria mtu asiyefaa kitu, mwanamume ambaye nyumba haimtegemei. Wasomaji wengi wa umri wetu wanaijua maana hiyo peke yake. Mwongozaji anaweza kuitumia: wapiganaji wanalisifu gumegume, na hadhira inasikia tayari kwamba halifai. Kejeli hiyo haimo katika maandishi ya Hussein. Inatoka katika mahali na wakati wa kuigiza, nayo ni halali.

Lipo jambo la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote kwa West Nile. Hapa bunduki haijawa kitu cha makumbusho. Serikali na kundi la UNRF II walitia saini mapatano ya amani Desemba 2002, na wazazi wetu wanaikumbuka miaka ya kabla yake. Mpaka wa Oraba, Koboko, umepokea watu waliokimbia milio ya Sudan Kusini, na baadhi yao watakuwa kwenye viti vya mbele. Zaidi ya hayo, Kiswahili chenyewe nchini Uganda kimebeba sifa ya kuwa lugha ya wanajeshi, tangu enzi za King's African Rifles hadi za Idi Amin, aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya katiba ya 2005 yamekipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, lakini mama aliyewahi kuamriwa alale chini kwa Kiswahili haponyeshwi na kifungu cha katiba. Tukimletea Kiswahili na bunduki jukwaa moja, tuwe tumefikiri.

Umbo la bunduki ya kisasa, hata la mbao, litamrudisha mama huyo mahali asipotaka. Gumegume ndefu, zito, lenye nyundo kubwa, linajitambulisha kama kitu cha zamani. Linampa nafasi ya kutazama badala ya kuogopa. Na hata hivyo polisi waarifiwe mapema, vifaa visibebwe wazi barabarani, na mtutu usitobolewe kamwe. Sheria ya silaha ya mwaka 1970 si ya kuchezea, wala hofu za watu si za kuchezea.

Mwalimu akiniuliza uhakiki huu ni wa fasihi au wa useremala, nitamjibu kwamba maandishi ya tamthilia huwa hayajakamilika mpaka mtu aamue nini kitashikwa mkononi. Uamuzi huo ni tafsiri. Anayempa mwigizaji fimbo ametafsiri kwamba bunduki haina maana. Anayempa gumegume lenye kisahani ametafsiri kwamba watu wa Rufiji, na wale waliokunywa maji ya Rembe, waliijua silaha waliyoizungumzia, na kwamba walishindwa na silaha nyingine.