Mshukiwa au Mwizi? Lugha na Picha ya Uhalifu katika Televisheni za Beni na Butembo

1.0 Utangulizi

Watazamaji wa televisheni katika miji ya Beni na Butembo, Kivu ya Kaskazini, wanaifahamu vyema habari ya namna moja. Vijana kadhaa wameketishwa chini katika ua wa ofisi ya meya au ya polisi. Mbele yao zimepangwa bunduki, simu, pengine na pikipiki. Afisa anashika kipaza sauti, anaeleza jinsi walivyokamatwa, kisha anatangaza kwamba watakabidhiwa kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi. Kamera inapita juu ya uso mmoja mmoja, na habari inaishia hapo. Makala haya yanadai kwamba kasoro kubwa ya habari hizo imo katika mwisho wake: picha huifunga hadithi pale sheria inapoifungua, na lugha huisaidia kuifunga.

2.0 Maneno na hatua za sheria

Kiswahili hakikosi maneno ya kutenganisha hatua za haki. Mshukiwa ni mtu anayeshukiwa, mtuhumiwa, anayetuhumiwa, mshtakiwa, aliyefunguliwa mashtaka. Majina yote matatu yamejengwa juu ya kauli ya kutendwa. Kiambishi -w- kinamkumbusha msikilizaji kwamba yupo mwingine anayeshuku, anayetuhumu au anayeshtaki, na kwamba huyo naye huenda amekosea. Mwizi ni jina la namna nyingine. Latokana na kitenzi -iba, na umbo lake humfanya mtu kuwa mtenda: ameiba, wala hakuna la kuuliza tena. Jambazi nalo hutaja tabia, kana kwamba mtu alizaliwa nayo.

Kwa Kifaransa husemwa "présumés bandits", yaani watu wanaodhaniwa kuwa majambazi. Habari inapogeuzwa katika Kiswahili cha mjini, neno la kwanza huanguka kwa urahisi, hubaki "bandi" au "mwizi". Hili si jambo dogo. Kifungu cha 17 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 chamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itakapothibitisha kosa lake. Kinga hiyo, iliyobebwa na neno moja la Kifaransa, hupotea katika lugha ambayo Katiba hiyo hiyo yaitaja miongoni mwa lugha nne za taifa.

Hatari hiyo ilizidi baada ya hali ya dharura ya kijeshi kuanza tarehe 6 Mei 2021. Mameya wa miji hiyo miwili walibadilishwa na maafisa wa polisi, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Hivyo anayetawala, anayekamata na anayetangaza walikaribia kuwa mtu mmoja. Swali la mwandishi wa habari lilihitajika zaidi wakati huo.

3.0 Moto na ushahidi

Kanali Mamadou Ndala, aliyepata sifa katika vita dhidi ya M23 mwaka 2013, aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014. Picha za gari lake lililoteketea zilienea, na lawama za kwanza ziliwaangukia waasi wa ADF. Kesi iliposikilizwa hadharani mjini Beni, hadithi ilibadilika: tarehe 17 Novemba 2014 mahakama ya kijeshi ilimhukumu adhabu ya kifo luteni kanali wa jeshi la taifa. Maswali juu ya hukumu hiyo hayakwisha. Hata hivyo jambo moja lilidhihirika: picha ya gari linaloungua haiwezi kusema ni nani aliyeliwasha. Kazi hiyo ni ya mashahidi, mawakili na mahakimu.

Hata tamthilia za kubuni zalijua hilo. Law & Order ya Marekani, iliyoanza mwaka 1990, iliwapa polisi nusu ya kwanza ya kila kipindi, na waendesha mashtaka nusu ya pili. Kukamatwa ni katikati ya hadithi. Katika habari za Beni na Butembo, katikati imekuwa mwisho.

4.0 Hoja za watazamaji

Wanaozitetea habari hizo wana sababu. Tangu mauaji ya halaiki yalipoanza katika eneo la Beni mwezi Oktoba 2014, mwananchi anatamani kuiona dola ikifanya kazi. Aliyeibiwa pikipiki huenda akaitambua. Isitoshe, anayeonyeshwa hadharani si rahisi kuachiliwa kwa siri.

Lakini magereza nayo yana habari zake. Gereza la Kangbayi mjini Beni lilivunjwa mwezi Juni 2017, wakatoroka wafungwa zaidi ya 900. Likavunjwa tena Oktoba 2020, wakatoroka takriban 1,300. Kakwangura ya Butembo ilifuata Agosti 2022. Mtazamaji aliyeonyeshwa nyuso asionyeshwe hukumu, kisha akasikia gereza limevunjwa, hujifunza kwamba mahakama ni kazi bure. Kutoka hapo hadi umati unaomchoma mtu barabarani, safari si ndefu. Na aliyekamatwa kwa makosa, hata akiachiliwa, hurudi mtaani na uso ambao wote wameuona chini ya jina la mwizi.

5.0 Hitimisho

Tiba haihitaji fedha nyingi. Neno mshukiwa litumike mpaka hukumu, uso ufichwe, na mwandishi afuate kesi mahakamani, kwani Kifungu cha 20 cha Katiba chataka vikao viwe vya hadhara, isipokuwa mahakama ikiamua vinginevyo. Kamera iliyokuwapo siku ya kukamatwa ina deni la kuwapo siku ya hukumu, hasa ikiwa hukumu hiyo ni ya kumwachilia mtu huru.