Shujaa Asiyeshindika: Juu ya Mizani ya Madaraja Makuu katika Dungeons & Dragons

Miongoni mwa michezo ambayo lugha ndiyo zana yake kubwa, mchezo wa kuigiza mezani wastahili kupimwa kwa mizani ile ile tunayopimia hadithi na tenzi. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao, ndiye msimamizi, husimulia ulimwengu na hatari zake. Wengine hunena na kutenda kila mmoja kwa kinywa cha mhusika wake. Pale ambapo matokeo ya tendo yana shaka, dadu hutupwa. Mchezo wa jinsi hii ulio mashuhuri kuliko yote, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mhusika huanza katika daraja la 1 hali ni mnyonge, na kwa kila hatari aivukayo hupanda. Makala haya yanauliza: ni kitu gani kinachoharibika mhusika huyo anapofika kileleni, na kwa nini waandishi wa kanuni wameona taabu kukitengeneza?

Kielelezo changu ni Epic Level Handbook, kitabu cha Mabwana Andy Collins na Bruce R. Cordell kilichotolewa na Wizards of the Coast mwaka 2002. Kilikuja kuendeleza toleo la tatu la mchezo, la mwaka 2000, ambalo kanuni zake za msingi zilikoma katika daraja la 20. Ahadi yake ilikuwa kwamba ngazi haina mwisho: baada ya 20 yapo 21, 30, 50, na zaidi.

Tuanze na sifa, maana ni haki yao. Waandishi waliitambua vema hatari ya hesabu. Katika toleo la tatu mambo mengi huamuliwa kwa dadu lenye nyuso 20, na juu ya namba iliyotokea huongezwa nyongeza ya mhusika. Askari wa daraja la 20 huongeza 20 katika shambulio lake kwa daraja lake tu. Mchawi wa daraja hilo hilo huongeza 10. Tofauti yao ni nusu ya dadu. Lau mwendo huo ungaliendelea, katika daraja la 40 tofauti ingalikuwa 20, yaani dadu zima. Hapo adui aliye kiasi cha kumpa askari kazi asingalipigika kwa mkono wa mchawi ila kwa bahati tupu, na adui aliye kiasi cha mchawi angalipigwa na askari bila ya haja ya kutazama dadu. Basi wakakata shauri kwamba tangu daraja la 21 nyongeza hiyo ipande kwa wote sawasawa, 1 kwa kila madaraja mawili. Huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Walakini ufa uliozibwa mlangoni uliachwa dirishani. Stadi za wahusika, kama kuogelea, kupanda na kusimama penye telezi, hazikuwekewa kizuizi kama hicho. Mwenye bidii ya ustadi mmoja aweza kufika vipimo 43 katika daraja la 40, na mwenzake aliyeshika njia nyingine asiwe na hata kimoja. Kitabu chasema kwamba kuogelea kwa kupanda maporomoko ya maji kwataka jumla ya 80, na kusimama juu ya wingu kwataka 120. Kama taswira, mambo haya yapendeza. Ni ya hadithi za kale na yanaamsha fikira. Kama kanuni ni maskini, kwa sababu dadu la nyuso 20 haliwezi kuvuka bonde lenye upana wa 40 au 50. Awezaye huweza kila mara. Asiyeweza hataweza hata akitupa dadu mpaka alfajiri. Shaka imetoweka, na penye kutoweka shaka hapana haja ya dadu wala ya kusubiri.

Hata hivyo namba ni ugonjwa mdogo. Ugonjwa mkubwa ni wa vitendo. Tutazame kila mmoja apandapo anapewa nini. Askari hupewa zaidi ya kile alichokuwa nacho: alipiga, sasa apiga kwa nguvu zaidi. Kipaji kiitwacho Epic Prowess humwongezea 1 katika shambulio. Epic Weapon Focus humwongezea 2, tena kwa silaha moja tu. Mchawi hupewa asichokuwa nacho kabisa. Kabla hata ya daraja la 20 amekwisha pata kusimamisha wakati, kufungua mlango wa ulimwengu mwingine, na kutamka tamanio likawa. Kwa lugha ya sarufi, askari huongezewa vielezi na mchawi huongezewa vitenzi. Hakuna wingi wa vielezi uwezao kulingana na kitenzi kipya.

Na hapa kitabu, badala ya kupunguza, kilizidisha. Kilimruhusu mchawi kujitungia uchawi mwenyewe kwa kuunganisha mbegu za uchawi, kila mbegu ikiwa na kiwango chake cha ugumu. Gharama ya kuutunga ni vipande 9,000 vya dhahabu mara kiwango cha mwisho cha ugumu. Bei hiyo yaonekana kali. Lakini kiwango chaweza kupunguzwa. Kila msaidizi atoaye uchawi wake wa daraja la 1 hupunguza 1, na wa daraja la 9 hupunguza 17. Wanafunzi 100 wanyonge wakikusanywa uani, ugumu wa 100 hushuka hadi 0. Na 9,000 mara 0 ni 0. Uchawi utishao kuliko wote basi hupatikana bure. Kanuni hii haipimi ushujaa wala hekima ya mhusika. Yapima uhodari wa mchezaji katika kupatana bei na kitabu.

Wapo wasemao kwamba mizani si lazima, kwa kuwa wachezaji ni wenzi na si washindani. Hoja hii ina ukweli nusu. Mizani ninayoitaka si ya ushindi bali ya maana: kila aliyeketi awe na jambo ambalo, asipolitenda yeye, halitendeki. Mtu aliyemlea askari wake kwa miezi mingi, akafika daraja la 25, kisha akakuta kila lango lafunguliwa na mchawi kabla hajasimama, huyo si mchezaji tena. Ni mgeni katika karamu ya wenzake. Hasara yake si ya hesabu. Amenyang'anywa neno mezani.

Matoleo yaliyofuata yathibitisha kwamba dawa haikuwa katika namba pekee. Toleo la nne, la mwaka 2008, lilikwenda mpaka daraja la 30 na kuwapa wahusika wote umbo moja la vipaji; mizani ikapatikana, lakini wachezaji wengi wakalalamika kwamba askari na mchawi wamekuwa na ladha moja. Toleo la tano, la mwaka 2014, lilibana namba: nyongeza ya umahiri huanza 2 na kuishia 6 kwa kila mhusika. Dadu likarudishiwa heshima yake. Lakini tamanio la mchawi lilibaki, na daraja la 17 hufika nalo. Ugonjwa mdogo ulipona, mkubwa ukaendelea.

Ajabu ni kwamba dawa ilikwisha onekana zamani. Katika kanuni za mwaka 1978 askari wa daraja la 9 aliyejenga ngome yake alifuatwa na watu wa silaha. Mwaka 1984 Bwana Frank Mentzer alitoa juzuu ya madaraja ya 15 hadi 25, ambayo mhusika aweza kuwa mtawala wa nchi, mwenye kodi za kukusanya, raia wa kuridhisha na vita vya kuongoza. Swali likabadilika. Zamani liliuliza, "Waweza kumwua joka?" Sasa liliuliza, "Utawalisha nini watu wako?" Askari akapata kitenzi chake: kutawala. Toleo la tatu liliufanya uongozi kuwa kipaji cha kuchaguliwa na yeyote, na hivyo askari akapoteza urithi wake wa pekee.

Wasomaji wa tenzi hawatastaajabu. Katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913, Fumo Liyongo hashindiki kwa nguvu. Mshairi hakumletea jitu kubwa kuliko yeye. Alimletea mwanawe mwenyewe, na sindano ya shaba, na kitovu. Waandishi wa mwaka 2002 walifuata methali isemayo dawa ya moto ni moto: shujaa amekuwa mkubwa, basi na aletewe jitu la mikono mia kutoka ngano za Kigiriki. Mshairi alijua kwamba mwenye nguvu hupimwa kwa yale ambayo nguvu haifai kitu kwayo: uaminifu wa jamaa, ahadi, na mapenzi ya mzazi.

Hukumu yangu juu ya Epic Level Handbook basi ni hii. Ni kitabu chenye fikira tele na kazi ya uangalifu katika hesabu zake za kwanza, na msimamizi atafutaye taswira za ajabu atafaidika nacho. Lakini kilidhani kwamba kilele ni bonde lililoinuliwa juu, lenye vita vile vile na namba kubwa zaidi. Msimamizi mwenye wahusika wa daraja la 25 asitafute jitu la daraja la 30. Na amwulize kila mchezaji ni kitu gani ambacho mhusika wake hawezi kukilinda kwa upanga wala kwa uchawi, kisha akiweke hicho hatarini. Hapo askari na mchawi watakuwa sawa tena, maana wote wawili watakuwa na la kupoteza.